Misemo ya Mwalimu Ghanim

Kofi la kwanza lilimkuta Mabruka na sindano mkononi. Alikuwa amekaa chini ya dirisha anashona kofia, tobo baada ya tobo, na kaka yake Badar alikuwa chumba cha pili anazungumza kwenye simu ya mama yao. Badar alisema "naam" mara tatu, akasema "inshallah," akakata simu, kisha akaja moja kwa moja mpaka pale alipokaa.

"Kliniki ya Nizwa," alisema. "Wanamtaka Mabruka Jumapili, wamwone Kiingereza chake cha kupokelea simu. Nani kawaandikia barua?"

"Mimi."

Ndipo kofi likaja. Kofia ikaruka, sindano ikamchoma kiganja.

"Wewe uandike barua? Wewe, uliyeikimbia shule darasa la tatu?"

Hilo lilikuwa kweli. Walihama kutoka Pemba kuja Ibra, Omani, yeye akiwa na miaka kumi, Kiarabu hakijui hata cha kuombea maji, wakamtia darasa moja na watoto wanaomfika kiunoni. Alivumilia mwaka mmoja na nusu, kisha akakataa kurudi. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na watu wa mtaani walimjua kwa kofia zake nzuri na kwa kutosema kwake.

Badar alimshika nywele akampigiza kichwa ukutani. Mara ya kwanza Mabruka hakusema kitu. Mara ya pili alisikia kama mlango umefungwa ndani ya sikio lake. Mara ya tatu mdomo ukatangulia kabla yeye mwenyewe hajaamua.

"Mwalimu Ghanim."

Badar akamwachia papo hapo, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Akavaa kofia yake, akatwaa bakora nyuma ya mlango, akatoka. Mama yao, Bi Tamima, alikuwa amesimama mlango wa jikoni na upawa mkononi.

"Anakwenda kumsemesha tu," alisema. Lakini hakuna aendaye kumsemesha mzee wa miaka sabini na nne kwa bakora yenye kirungu, na Bi Tamima alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mume wake marehemu naye alikuwa na bakora kama hiyo.

Mwalimu Ghanim alizaliwa Unguja mjini, akaja Omani kijana, akasomesha Kiingereza katika skuli za Sharqiyah miaka thelathini. Alipostaafu, wasichana watatu wa mtaani walimwendea kila baada ya adhuhuri, na Mabruka mmoja wao. Mkewe, Bi Wijdan, alikuwa akikaa chumba kile kile anachagua mchele, ili pasiwe na mtu wa kupata la kusema.

Mwalimu hakuanza na sarufi. Alisomesha misemo, na hakutoa msemo mpaka akueleze ulikotoka.

"Mwingereza akikwambia uume risasi, maana yake nini?"

"Nivumilie, Mwalimu."

"Kwa nini risasi?"

Hapo hapakuwa na wa kujibu, na Mwalimu ndiyo raha yake. Zamani, akasema, askari akikatwa mguu vitani hakukuwa na dawa ya kumlaza. Wenzake walimkalia kifuani, wakamtia risasi ya bunduki katikati ya meno, msumeno ukaanza.

"Na meno yake je?" Basma aliuliza. Basma ndiye aliyekuwa mchekeshaji wao.

"Waingereza meno yao yalikuwa mabovu tangu hapo, mwanangu. Hakupoteza kitu."

Akawaeleza habari za amiri jeshi wao mmoja wa baharini, chongo, aliyepandishiwa bendera ya kumwambia arudi nyuma. Amiri akaishika darubini akaiweka kwenye jicho lililokufa, akasema, mimi bendera siioni. Akapigana, watu wakafa, na lugha ikabaki na msemo wa kugeuza jicho pofu. "Sisi husema kujitia hamnazo," alisema Mwalimu. "Lakini wao wanakumbuka na jicho lilikuwa la nani." Akawaeleza pia habari ya Waskoti na mikono myekundu: mwizi wa wanyama wa watu hakuhukumiwa kirahisi kwa maneno ya watu, ila akikutwa na damu mikononi ilikuwa basi, hana tena la kujitetea.

"Kiingereza ukikikamua kinatoka damu," alikuwa akisema. "Na chetu kina damu vilevile, ila sisi tumeizoea, tunadhani ni tui."

Mabruka sarufi ilimpita kama upepo, lakini kisa hakikumtoka. Kwa visa hivyo, mwaka mzima, alipata Kiingereza cha kumtosha mtu kupokea simu. Na Mwalimu, bila ya yeye kuomba, aliandika ile barua ya Nizwa.

Mabruka alijifuta uso, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Alijua Mwalimu atakuwa wapi. Saa hiyo, kabla ya alasiri, hushuka kwenye falaj, mfereji unaopeleka maji mashambani, akatawadhe hapo. Maji ya bomba aliyaita maji ya serikali. Mabruka alipita njia ya mkato baina ya nyumba kongwe za udongo zilizobomoka, na alipofika ukuta wa mwisho akachungulia.

Alikuwa amechelewa kwa hatua ishirini.

Mwalimu alikuwa amechutama, mkono wa kanzu umepandishwa, anaosha mkono wa kulia. Badar alikuja kwa nyuma. Hakumwita, hakumtolea hata salamu ya kumtukania. Bakora ilishuka kisogoni na sauti yake ilikuwa ndogo, kama dafu linaloangushwa mchangani. Mwalimu aliangukia uso majini. Badar akamvuta kwa ukosi, akamgeuza, akampiga kwa kirungu usoni mara mbili, juu ya jicho, kisha akamkanyaga mbavu mpaka mzee akatoa pumzi iliyosikika mpaka ukutani. Damu ikaingia mferejini, ikanyooka kama uzi mwekundu, ikaelekea kwenye mitende.

Badar akasogea juu, maji yanakotokea, akaiosha bakora. Akaosha na mikono mpaka vifundoni, taratibu, kama anayetawadha. Aliponyanyua kichwa akamwona dada yake. Hakukimbia wala hakumtisha. Alimtazama tu, akaenda zake.

Mabruka alibaki nyuma ya ukuta. Aliyeshuka alikuwa Nadhir.

Nadhir alikuwa mtu wa makamo kutoka Pemba, mwaka wake wa pili huku, akihudumia mitende ya Mwalimu. Alitoka baina ya miti na mundu mkononi, akautupa, akaingia majini na viatu vyake. Akampakata mzee, akakizuia kichwa kwa viganja vyote viwili, akapiga ukelele. Waliokuwa msikitini wakaja. Waliona nini? Waliona mgeni, mundu, mzee hana fahamu, na damu mpaka kwenye viwiko. Kijana mmoja alimpiga teke la uso. Wa pili akaokota jiwe. Nadhir alikuwa bado anasema "mshikeni kichwa, mshikeni kichwa," kwa Kiswahili, na wao wanampiga, mpaka mtu mzima mmoja akawatawanya na polisi wakaja kumchukua akiwa jicho limefumba.

Yote hayo Mabruka aliyaona. Mtu mmoja tu palepale angeweza kusema nani, na mtu huyo alikuwa nyuma ya ukuta, ameziba mdomo kwa mtandio.

Badar alimsubiri ukumbini.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Ulikwenda wapi?"

"Sikwenda."

"Vizuri." Akamshika mkono wa kulia, kama mtu anayempa heri, akakikamata kidole cha shahada, kile cha kusukumia sindano, akakipinda nyuma mpaka kikalia. "Hiyo ni ya kukumbukia kwamba hukuona."

Bi Tamima alimfunga kidole kwa kijiti na kitambaa. Alipokivuta kukirudisha mahali pake, Mabruka aliuma ncha ya mtandio mpaka ikatoboka, na mama yake, machozi yanamtoka, alikuwa akimwambia, "Usilie, majirani. Usilie, mwanangu, majirani."

Mwalimu Ghanim alizindukana siku ya tatu. Alikumbuka ubaridi wa maji kwenye mkono wake, basi, hakukumbuka jingine. Mbavu tatu zilivunjika, na jicho la kushoto madaktari hawakuweza kumwahidi. Nadhir alikuwa kituoni, anasema lile lile moja kila akiulizwa, kwamba alimkuta mzee majini. Lakini watu walikuwa wameiona mikono yake, na mtaani kesi ilikwisha siku ile ile.

Siku ya kumi na moja, Ijumaa, Mwalimu alikuwa amesharudishwa nyumbani. Asubuhi hiyo Ami Hamdun alikuja kwa akina Mabruka. Alikuwa ndugu mkubwa wa baba yao, mtu wa maneno matamu, asiyeingia nyumba akatoka na mikono mitupu. Alimkalisha Badar mbele yake.

"Leo tunakwenda kwa Ghanim, mimi, wewe, na wazee wawili," alisema. "Tutamwombea Nadhir."

"Nadhir?" Badar alicheka. "Mimi nimwombee Nadhir?"

"Nyamaza, punda. Ghanim akitia saini ya kusamehe, Nadhir anapelekwa kwao na faili linafungwa. Likifungwa, hapana tena wa kuuliza. Na wewe utakaa pale, uso wa huzuni, kwa sababu asiyeonekana ndiye anayefikiriwa."

Mabruka alikuwa upande wa pili wa pazia na mama yake.

"Unasikia?" Bi Tamima alimnong'oneza. "Hapana atakayefungwa. Nadhir atarudi kwa mkewe. Ubaya gani mtu kurudi kwao?"

"Atarudi na jina gani, mama?"

Mama yake alinyanyuka. Akamkabidhi sahani ya halua aibebe, waende kumtazama mgonjwa kwa upande wa wanawake.

Chumba cha Bi Wijdan kilitenganishwa na majlisi, chumba cha wageni wanaume, kwa mlango tu, na mlango ulikuwa wazi. Mabruka alikaa karibu yake. Alimwona Mwalimu kwenye mito, kichwa kimefungwa, jicho moja limefunikwa pamba, amepungua kama kanzu haina mtu. Alimwona Badar, amekaa pembeni na uso wa huzuni kama alivyoagizwa. Yaarub, mtoto mkubwa wa Mwalimu, aliyekuwa akifanya kazi ofisi ya serikali Jalan Bani Bu Hassan na kuja Ibra mwisho wa wiki, alipita na dele akawamiminia wageni kahawa.

Ami Hamdun alipokea finjani yake, akaiweka chini. Wazee wawili wakaziweka zao, na Badar akaiweka yake.

Kila aliyekuwamo alilijua jambo hilo. Huku mtu akija na wazee kwa haja kubwa, kahawa haigusi mdomo. Finjani hukaa chini inapoa mpaka mwenye nyumba aseme, "Kunyweni, mmepata." Mwenye nyumba hupata taabu kubwa kukataa finjani zinazopoa mbele yake. Na mwenye haja akiinywa kabla ya jibu, haja yake ameiacha mwenyewe, na hairudii tena katika nyumba hiyo.

"Una haja gani, Hamdun?" Mwalimu aliuliza. Sauti yake ilitoka ubavuni, si kooni.

"Haja yetu ni huruma, Mwalimu. Yule maskini wa Pemba. Ni mwenzetu, katoka tulikotoka. Shetani alimpitia. Msamehe, arudi kwao, na wewe upumzike na polisi wa kila siku."

Mvuke wa finjani ukapungua.

"Baba, usikubali," Yaarub alisema. "Alitaka kukuua huyu."

"Mimi sikumwona aliyetaka kuniua," Mwalimu alisema. "Nilimsomesha Nadhir kusoma saa. Alikuwa akiniletea tende za kwanza kabla hajaonja yeye. Kama ni yeye, nimsamehe. Na kama si yeye, nimsamehe pia, atoke."

Kama si yeye, nimsamehe pia. Mabruka aliyasikia maneno hayo yakamkaa kifuani kama fupa la samaki. Mtu asiyekosa atasamehewa, na karatasi itasema amesamehewa, na hiyo karatasi ndiyo atakayokwenda nayo Pemba kwa watoto wake. Alimwona Mwalimu anavuta pumzi ya kusema neno la mwisho.

Akanyanyuka. Mama yake alimkamata buibui, kitambaa kikamponyoka.

Hakuwahi maishani mwake kuingia chumba chenye wanaume wamekaa. Alipita mbele ya wazee wawili bila ya kuwatazama, akainama mbele ya Ami Hamdun, akaichukua finjani yake kwa mkono wa kulia wenye kidole kilichofungwa, akainywa yote. Ilikuwa imeshapoa na chungu. Akaitikisa kama wanavyoitikisa walioshiba, akairudisha chini.



"Mwanangu," Ami Hamdun alisema polepole, "hujui ulifanyalo."

"Najua, ami. Mimi wa nyumba hii hii yenu. Haja tumeiacha."

"Tamima," Ami Hamdun aliita kuelekea mlangoni, "njoo umchukue binti yako, ana homa."

"Sina homa." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi mzee mmoja ainame kuisikia. Akamgeukia Mwalimu. "Aliyekupiga ni Badar. Kwa bakora, kwa nyuma, unatawadha mkono wa kulia. Nadhir alikuja baadaye, akakutoa majini. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta. Na jina lako nililitoa mimi, Mwalimu. Alikuwa ananipiga, nikalitoa."

Badar alikuwa wa kwanza kutikisika. Bakora yake ilibaki mlangoni na viatu, kwa hivyo alikamata kilichokuwa karibu, na kilikuwa dele mkononi mwa Yaarub. Alilinyakua akampiga nalo dada yake mdomoni. Shaba ilikutana na meno, kahawa ya moto ikammwagikia shingoni na kifuani. Mabruka alianguka juu ya finjani, na kabla hajajua yuko chini, dele lilishuka tena, likampata bega. Mara ya tatu halikufika. Yaarub alimrukia Badar kiunoni wakaenda wote wawili ukutani. Badar akamtia dole la jicho, Yaarub akamuuma sikio, rafu ya vitabu ikawaangukia. Wazee wawili, mmoja wao ana miaka themanini, walimkalia Badar miguu. Bado alikuwa akipiga mateke, na povu limemtoka.

"Alikuwa anamfundisha kutoka nyumbani," alipiga kelele. "Leo Nizwa, kesho wapi? Alikuwa anamtoa nyumbani kwangu kwa vijineno vyake."

Mwalimu Ghanim alijaribu kunyanyuka, mbavu zikamrudisha. Jicho lake moja lilikuwa kwa Ami Hamdun, ambaye hakutoka alipokaa.

"Hamdun. Ulijua?"

Ami Hamdun alikuwa akiitazama finjani tupu.

"Ulijua, ukaja kukaa kwenye mkeka wangu ukaniambia huruma."

"Ni damu yangu, Ghanim," alisema Ami Hamdun. "Ungefanya nini wewe?"

"Na huyu aliyelala chini anatoka damu, yeye ni nani wako?"

Bi Wijdan ndiye aliyempigia simu askari. Bi Tamima alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti, hajaingia wala hajarudi, anamwita mmoja kisha anamwita mwengine, Badar, Mabruka, Badar, kama mtu anayehesabu vitu vyake baada ya moto.

Badar walimchukua kwa gari lao. Mabruka alikwenda kwa gari ya Yaarub, na Bi Wijdan ubavuni anamkanda kwa barafu. Meno mawili ya mbele yalikuwa hayapo na la tatu likicheza. Askari mpokezi alipomwona alimwambia atangulie hospitali, maelezo yatangoja. Mabruka alikataa kwa kichwa. Alijua akienda kulala, akaamka mama yake amekaa kando ya kitanda, huenda asiseme tena.

Wakakaa ukumbini kwenye viti vya chuma. Baada ya muda askari alipita na Nadhir, anampeleka chumba kingine. Uvimbe wa uso ulikuwa umeshuka ukabaki umanjano, na alitembea kwa kuinama upande mmoja. Alimwona Yaarub, akasimama.

"Bwana Yaarub, mzee hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Nadhir alivuta pumzi. Kisha akamtazama msichana mwenye kitambaa cha damu mdomoni. "Na huyu je, masikini? Kagongwa na gari?"

"Hapana. Amekuja kwa ajili yako."

"Mimi? Simjui."

Mabruka alikiondoa kitambaa. Midomo ilikuwa mizito, maneno yakitoka na mate mekundu, lakini aliyatoa moja moja mpaka yakaisha. "Nilikuwepo falaj. Nilimwona aliyempiga, na nikaona walivyokupiga wewe. Nikanyamaza. Siku kumi na moja."

Nadhir alimtazama kwa muda mrefu. Askari alimgusa mkono aende, na hakwenda.

"Kumi na moja," alisema mwishowe. "Nimezihesabu."

Hakusema amemsamehe, na Mabruka hakumwomba. Askari wake akapita naye, na mlango wa pili ukafunguliwa, mtu akaita jina la Mabruka pamoja na la baba yake, kwa Kiarabu. Bi Wijdan alitaka kuingia naye, akaambiwa angoje nje. Mabruka akanyanyuka peke yake, akaingia, akavuta kiti mwenyewe, akaanza tangu ile simu ya Nizwa.